Kabla hujang'oa ngoma za nyuma kuweka diski kwenye Land Cruiser: uzi wa tunaoshuka Ngomo

Breki_Kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Hapa garaji swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Fundi, nitolee hizi ngoma za nyuma, niwekee diski kama za mbele." (Ngoma ni breki iliyofunikwa, viatu vilivyo ndani yake vinasukumwa nje viishike; diski ni sahani iliyo wazi inayobanwa na pedi mbili.) Mara nyingi gari ni Land Cruiser HZJ75 au 79 ya mizigo, imetoka Uvira, na dereva bado anasimulia mlima wa Ngomo, ulio kati ya Bukavu na Uvira, huku akipangusa jasho. Namwelewa. Ziwa Kivu, hapa Bukavu, liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Ziwa Tanganyika, kule Uvira, mita 770 hivi. Gari ya tani tatu ikishuka tofauti hiyo ya karibu mita 700, nguvu yake ikigeuka yote kuwa joto inatosha kuchemsha lita 60 za maji ya baridi. Injini inakula sehemu, upepo na matairi yanakula sehemu, joto linalobaki lote linaishia kwenye breki.

Msimamo wangu nautoa mapema. Diski nyuma ni kitu kizuri, nimeshaziweka na nitaendelea kuziweka. Lakini gari nyingi zinazoletwa kwangu kwa kazi hiyo zina ngoma nzima ambazo ziliacha kushika zamani kwa sababu nyingine, na ile sababu itabaki palepale hata ukifunga diski za bei gani.

Sababu ninayoikuta kuliko zote ni springi. Hapa Kivu nani hajaongeza majani ya springi nyuma? Sasa lala chini ya gari yako, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye nyingi utaona fimbo nyembamba inatoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesi. Hiyo ni valvu ya mzigo. Inapima nyuma ya gari imelala kiasi gani. Nyuma ikiwa chini, inaelewa gari imebeba, inaachia presha kubwa iende breki za nyuma. Nyuma ikiwa juu, inaelewa gari ni tupu, inabana presha ili magurudumu ya nyuma yasifunge gari ikageuka.

Ukiongeza majani matatu, gari yenye tani moja mgongoni inasimama juu kama tupu, na valvu inadanganyika. Nyuma inapewa presha ya gari tupu, breki za mbele zinabeba kazi ya ekseli mbili, zinachemka, na katikati ya mteremko pedali inazama. Dereva akifika chini analaumu ngoma. Mfungie diski ukaiacha fimbo vilevile: presha ni ileile ndogo, na diski inadai presha kubwa kuliko ngoma. Umelipa pesa nyingi ili breki zako za nyuma zizidi kudhoofika.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia hiyo fimbo. Ipo? Imepinda? Kuna fundi aliifunga kwa waya? Kuna garaji moja hapa mjini ilimrudishia mteja gari yake fimbo ikiwa kwenye kiti cha nyuma, ikasema haina kazi. Niliikuta mimi mwenyewe.

Ukimaliza hapo, fungua ngoma. Ukikuta viatu vimelowa, gusa kwa kidole unuse. Mafuta ya difu (gia zilizo katikati ya ekseli) yana harufu kali ya salfa, huwezi kuikosea. Mafuta ya breki hayanuki hivyo. Kama ni ya difu, usikimbilie kubadilisha sili peke yake. Tafuta kipumulio cha ekseli, kile kikofia kidogo juu ya nyumba ya ekseli. Kikiziba kwa tope, ekseli ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, inakosa njia, inasukuma mafuta kupita sili hadi kwenye viatu. Utabadilisha sili na yatarudi kuvuja. Na ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili zilezile.

Halafu handbreki. Kwenye Toyota nyingi za zamani, kirekebishaji cha viatu vya nyuma kinasogezwa na mkono wa handbreki. Kila ukiuvuta, viatu vinasogea kidogo karibu na ngoma kadiri vinavyolika. Kwetu watu hawavuti handbreki, wanaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Miaka inapita, mikono midogo iliyo nyuma ya sahani ya breki inashika kutu, viatu vinakaa mbali, na unakanyaga pedali mara mbili ndipo ushike kitu.

Hayo matatu ukiyatengeneza, na ngoma zikawa hazijapita kipimo cha mwisho (kimepigwa chapa kwenye ngoma yenyewe, kisome), shuka Ngomo kwa gia ndogo uone. Wengine hawarudi tena kuulizia diski. Wanaorudi, tutaongea nao hapa chini.

---

Ndosho_4x4 (Goma)

Aksanti sana yaya (mkubwa wangu) kwa uzi huu. Mimi niko Goma, gari HZJ75. Kwa sababu ya mawe ya volkano niliiinua sentimita tano nyuma na mbele. Tangu hapo nikikanyaga breki pua inazama sana na nyuma ni kama haipo. Nilikuwa tayari nimeagiza kalipa, vile vibano vya diski. Hiyo fimbo ninayo, iko nzima. Naifanyaje?

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Kaka, tulia na hizo kalipa kwanza. Chesi yako imekwenda juu sentimita tano, mwisho wa chini wa fimbo umebaki kwenye ekseli. Kinachotakiwa ni kuinua kile kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa sentimita zilezile. Kipande cha chuma kinene na bolti ndefu kinatosha. Usiikate fimbo, usiipinde.

Jua jambo moja zaidi. Kama ulichoongeza ni majani magumu, springi itashuka kidogo kuliko zamani kwa mzigo uleule, kwa hiyo hata ukiinua kishikio, valvu bado itaona mzigo mdogo kuliko uliopo. Hapo unainua kidogo kidogo na kujaribu. Tafuta barabara tupu ya udongo, tambarare, kilomita 30 kwa saa, mtu wa pili asimame kando atazame magurudumu. Kanyaga kwa nguvu. Ya mbele lazima yafunge kabla ya nyuma. Siku nyuma ikitangulia, umepitiliza, rudisha. Jaribu gari ikiwa tupu, kwa sababu ikiwa tupu ndipo nyuma inapofunga upesi.

---

Gia_Tatu_Panzi (Bukavu)

Yaya, heshima yako, lakini naona unatisha watu bure. Sisi Panzi tumeshafanya hiyo kazi. Tunakata bati ya milimita 10 kwa gesi, tunaichomelea kwenye nyumba ya ekseli, kalipa inafungwa hapo, diski za gari nyingine zinakerezwa zikae kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Breki zinashika na mteja anaenda na furaha.

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, kazi ya kukereza diski sina neno nayo, mradi diski ikae katikati ya habu bila kucheza na ukaipime ikizunguka. Ikiyumba hata sehemu mbili za kumi za milimita, pedali itatetemeka na mteja atarudi. Hapo tuko pamoja.

Kuchomelea bracketi kwenye ekseli, hapana. Piga hesabu na mimi. Tairi ya 7.50R16 ina sentimita 40 hivi kutoka katikati hadi barabarani. Tuseme gurudumu moja la nyuma linazuia kwa nguvu ya kilo 500 pale linapogusa barabara. Kalipa yako imekaa sentimita 13 hivi kutoka katikati. Nguvu inayoivuta hiyo kalipa, na kwa hiyo hiyo bati na huo mshono, ni kama tani moja na nusu. Kila breki. Na mara nyingi inakuja kwa kishindo, gurudumu limeruka jiwe, limetua, limeshika. Mshono uliopigwa juu ya chuma chenye mafuta na kutu, chini ya gari, mkono juu ya kichwa, siuamini kwa hilo. Ukikatika, kalipa inazunguka na gurudumu, inang'oa bomba la breki, na upande wote wa nyuma unamwaga mafuta.

Kingine, joto la kuchomelea linapinda nyumba ya ekseli. Hutaona kwa macho. Utaona beringi za habu zinakufa mapema na sili zinavuja upande mmoja.

Ekseli ina flenji yake, ile iliyokuwa imeshika sahani ya ngoma. Ina matundu yake tayari. Bracketi ikatwe izingatie matundu hayo, ifungwe kwa bolti zenye alama 10.9 kichwani, siyo bolti za sokoni zisizo na alama. Ukifanya hivyo nitakuwa wa kwanza kukuletea wateja. Nasema kwa upendo.

---

Mama_Mizigo (Bukavu)

Fundi, mimi si mtu wa garaji, mimi nina gari mbili zinazoleta mchele na samaki. Dereva wangu anasema diski zikiwekwa handbreki inapotea. Ni kweli? Barabara ya kwangu ni mteremko, gari inalala mlangoni na watoto wanacheza hapo.

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Mama, dereva wako amesema kweli, na swali lako ndilo wanaume wengi hapa hawakuuliza.

Handbreki ya gari yako ya sasa inavuta kebo inayobana viatu ndani ya ngoma. Ukitoa ngoma umeitoa na yenyewe. Njia za kuirudisha ziko tatu. Kuna kalipa zenye mkono wa handbreki ndani yake. Zinafanya kazi, ila tope letu linazishika haraka, zinataka kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Kuna handbreki ya kwenye shafti, inayofungwa nyuma ya gia boksi ndogo, kama Land Rover Defender. Inashika vizuri sana gari ikisimama, lakini dereva asiivute gari ikitembea, itavunja vitu. Na lazima ajue hili: ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, hiyo handbreki haishiki tena chochote, kwa sababu difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke na lile lililo chini lizunguke kinyume chake. Gari inaondoka juu ya jeki.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: diski ambayo katikati yake kuna ngoma ndogo ya handbreki peke yake. Land Cruiser 80 yenye diski nyuma imetoka kiwandani hivyo. Diski inasimamisha gari, ngoma ndogo inailaza.

Kwa gari inayolala kwenye mteremko penye watoto, fundi akikwambia "handbreki tutaona baadaye", chukua funguo yako urudi nyumbani. Na hata handbreki ikiwa nzuri, iache kwenye gia na weka vigingi magurudumuni.

---

Mama_Mizigo (Bukavu)

Aksanti mwanangu. Nitamwambia aanze na hiyo fimbo na hicho kipumulio.

---

Vumbi_Jekundu (Lubumbashi)

Salamu kutoka Katanga. Nawasoma kwa makini ila niongeze upande wetu. Huku hatuna Ngomo, barabara ya Likasi hadi Kolwezi haina mlima wa kutisha. Hilux nyingi za migodini zina ngoma nyuma toka kiwandani na zinafanya kazi kila siku. Adui yetu ni vumbi la laterite na maji ya mvua. Vumbi likiingia ndani ya ngoma halina pa kutokea, linakaa linasaga lainingi (ngozi ya viatu vya breki) na ngoma yenyewe hadi ufungue. Masika ukivuka dimbwi refu, ngoma zinabaki na maji, unakanyaga hakuna kitu, kanyaga tena, bado. Mimi niliweka diski kwa sababu hiyo tu. Ukitoka majini, kanyaga mara moja mbili umerudi.

Lakini pedi zinalika haraka, lazima niseme. Tope linapita kati ya pedi na diski kama msasa. Na vijiti ambavyo kalipa inatelezea juu yake vinakauka. Kimoja kikikwama, pedi ya upande mmoja inaisha na ya upande wa pili ni mpya.

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Umesema vizuri, mkuu. Hiyo ndiyo sababu halali ya diski: maji, tope na joto la kurudiarudia. Ngoma ikipata moto inatanuka na kwenda mbali na viatu, ndiyo maana pedali inakuwa ndefu. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea pedi. Kwa mteremko mrefu wenye mzigo, hiyo tofauti unaisikia mguuni.

Vijiti vya kalipa vipakwe grisi ya silikoni inayostahimili joto, siyo grisi ya beringi, inayeyuka na kuvimbisha mpira. Na watu wa Goma wachunguze ile bati ya kukinga vumbi nyuma ya diski: changarawe ya lava ikinaswa hapo inachora diski mstari mzima. Ukisikia mlio wa chuma juu ya chuma, simama uitoe.

---

Spea_za_Pwani (Dar es Salaam)

Wakuu, kwa nini mnahangaika na bracketi? Ekseli nzima ya nyuma ya Land Cruiser 80 yenye diski zake inapatikana kwa wauza spea za mtumba. Matundu ya gurudumu ni sita kama ya 75. Toa hii weka hii.

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Mkuu, wazo ni zuri na nimeliwaza sana. Matundu sita ni kweli, ringi zitaingia. Ila 80 inakaa juu ya springi za koili na ekseli yake ni pana kuliko ya 75. Itabidi kukata vishikio vya koili, kuweka vikalio vya springi za majani kwa pembe sahihi, na magurudumu ya nyuma yatatoka nje kuliko ya mbele. Halafu uwiano wa difu: ukiwa tofauti na wa mbele hata kidogo, usiguse 4x4 kwenye barabara kavu wala popote. Hesabu meno ya difu zote mbili kabla hujalipa.

Kwa wenye 78 na 79 za matundu matano, zilizoanza 1999, kuna njia fupi zaidi. Land Cruiser 70 hizo zimeuzwa nchi nyingine zikiwa na diski nyuma na nchi nyingine zikiwa na ngoma. Ukipata ekseli ya 70 ya matundu matano iliyotoka kiwandani na diski, na valvu yake, na kebo za handbreki, hapo umepata kitu ambacho wahandisi wameshakipigia hesabu. Ni ghali, lakini kwa gari ya abiria mimi ndiyo njia ninayoikubali bila kusitasita.

---

Gia_Tatu_Panzi (Bukavu)

Yaya nimekuelewa kwenye bracketi. Swali: diski zangu za nyuma kwenye gari moja zinapata moto hata bila kukanyaga. Kalipa ni mpya, vijiti vinateleza vizuri. Masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ni ya zamani ya gari yenyewe.

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Hapo umegusa penyewe. Masta silinda nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya ngoma zina kivalvu kidogo kwenye mlango wa bomba la nyuma. Kinabakiza presha kidogo ndani ya bomba hata ukiachia pedali. Kwenye ngoma ni sawa, springi za viatu zina nguvu ya kuvirudisha, na ile presha inazuia hewa isiingie kwenye silinda ndogo. Diski haina springi ya kuirudisha. Ile presha inaishikilia pedi juu ya diski kilomita baada ya kilomita. Funga bomba la nyuma kwenye masta isiyo na kivalvu hicho, au kitoe, halafu pima tena.

Kuna la pili. Pistoni ya kalipa ni kubwa kuliko ya silinda ya ngoma, inameza mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago. Kama masta ni ndogo pedali itashuka sana. Ukiweka masta pana, pedali inakuwa juu lakini ngumu, na hidrovaki (kile kisaidizi cha pedali) lazima iwe na nguvu. Kwenye dizeli hidrovaki inategemea pampu yake ya vakyumu, ikague. Na madereva wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, waelezeni: injini ikizimwa, hidrovaki ina mikanyago michache tu, baada ya hapo unakanyaga ukuta.

---

Ndosho_4x4 (Goma)

Nimerudi na habari. Nimeinua kishikio cha fimbo sentimita tano, nimejaribu kwenye barabara tambarare kabla ya Sake. Gari inakaa chini kwa pamoja, pua haizami kama zamani. Kalipa nitaziuza. Swali la mwisho: nibadilishe mafuta ya breki kwa DOT gani (daraja la mafuta), na kwa nini kila nikitoa upepo, yaani hewa, kwenye mabomba ya nyuma pedali inabaki laini? Gari huwa naiweka juu ya jeki.

---

Breki_Kadutu (Bukavu)

Umefurahisha moyo wangu, kaka.

DOT 4. Ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 kuanzia 205. Zikishanyonya unyevu, zinashuka hadi 155 na 140. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo badilisha kila mwaka wa pili, chupa iwe imefungwa, na ile iliyobaki mwaka jana usiitumie. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi kabisa.

Upepo hautoki kwa sababu ya jeki. Ukiinua chesi, ekseli inaning'inia chini, fimbo inashuka, valvu inabana njia ya nyuma. Shusha gari ikae juu ya magurudumu yake, au weka stendi chini ya ekseli yenyewe. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, kisha la pili la nyuma, kisha skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye valvu yenyewe kama ya kwako inayo, wengi wanairuka hiyo, ndipo uende mbele. Pedali ikibaki laini baada ya hapo, nitumie picha ya valvu na mabomba yake.